Namna ya kupima mchezo wa kwanza nyumbani mbele haujachezwa



Mwezi wa 9 ukikaribia, mbele hata ya kupata chaki na madaftari, kuna somo moja ambalo limekwisha kuanza chini ya miti ya kiwanja chetu. Ni somo la kutabiri. Watu wanakaa, wanahesabu wachezaji, wanasema: "Mechi ya kwanza tuko nyumbani, tutawapiga tano!" Ukiuliza, tano juu ya nini, wanajibu: "Sisi njo sisi." Ukiuliza tena, wanakukasirikia.

Hatukatai furaha ile. Lakini mwanafunzi anayejifunza kupima uzito wa chumvi katika laboratwari, na kutoa sababu za kila neno analoandika katika disertasyo, tunafikiri anaweza vilevile kupima mechi. Kwa hiyo katika somo hili tutatwaa mchezo mmoja wa kweli, wa mbali. Tutasimama siku moja mbele yake, tutatazama yale yaliyojulikana siku ile, na nyuma tutaona ginsi ulivyokwisha. Ni mchezo wa futbol wa universite za Marekani, uliochezwa siku ya posho, tarehe 1 mwezi wa 9, 2007, katika mji wa Ann Arbor. Ekipe ya nyumbani ilikuwa Universite ya Michigan. Wageni walikuwa Appalachian State, kutoka mji mdogo wa Boone, milimani, katika jimbo la North Carolina.

Kwanza mpira wenyewe, kwa sababu wengi watauliza: "Iko mpira gani huu, mtu anaushika na mikono?" Ndiyo, anaushika. Mpira wa Waamerika si wa mviringo. Umechongoka pande mbili, kama papai dogo. Kila upande unaweka watu 11 uwanjani. Uwanja una urefu wa yadi 100, karibu mita 91, na kila mwisho kuna sehemu ya kufikia. Ekipe yenye mpira inapewa majaribio 4 ili isonge mbele yadi 10. Ikizipata, inapewa majaribio 4 mapya. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wengine. Ukifikisha mpira katika sehemu ya mwisho, hiyo ni tachidauni, pointi 6. Nyuma yake unachagua: teke moja rahisi kwa pointi 1, ao kujaribu tena kuingia, na hiyo ni pointi 2. Kama njia imefungwa na uko karibu, unaweza kupiga teke mpira upite kati ya miti miwili, upate pointi 3. Mchezo wote ni dakika 60.

Shikeni mambo mawili, maana bila hayo somo halitaeleweka. La kwanza: wale wanaoshambulia si wale wanaolinda. Mpira ukibadilisha mikono, watu 11 wanatoka na wengine 11 wanaingia. Ekipe moja iko kama ekipe mbili, na inaweza kuwa na ulinzi mubaya na mashambulizi mazuri siku ile ile. La pili: katika mashambulizi kuna mtu mmoja, kwotabeki, ambaye mpira unapita kwake karibu kila mara. Yeye njo anaamua: kumpa mwenzake akimbie nao, kuutupa mbele kwa mwingine, ao kukimbia mwenyewe. Ukitaka kujua ekipe, uliza kwanza juu ya mtu huyu.

Sasa tuulize swali ambalo wengi hawaulizi: juu ya nini shule kubwa inaalika shule ndogo kwa mchezo wa kwanza? Wengine wanasema ni kupasha mwili moto, kama vile sisi tunacheza na kalasi ya chini mbele ya mechi ya kweli. Ni kweli kidogo. Lakini sababu kubwa ni feza. Tangu mwaka 2006 universite hizi zinaruhusiwa michezo 12 kila mwaka, na shule yenye uwanja mkubwa inataka mingi ya ile 12 ichezwe nyumbani, maana kila mtu anayeingia analipa. Shule kubwa nyenzake haitakubali kuja bila kurudishiwa ziara. Shule ndogo itakubali, mradi ilipwe. Appalachian State walilipwa dola 400,000 kuja Ann Arbor. Kwa Michigan feza ile ilirudi katika milango ya uwanja siku ileile. Kwa Boone ilikuwa mali ya kutengeneza mambo mengi. Kwa hiyo mchezo huu, mbele haujachezwa, ulikuwa umekwisha kufaidia wote wawili, na hakuna aliyeona ubaya ndani yake. Watu wanaita biashara hii kununua ushindi. Sisi tunaona ni jina la kujidanganya, kwa sababu kilichonunuliwa ni ziara tu.

Haya. Tujiweke siku ya tano, tarehe 31 mwezi wa 8, 2007. Tuko na daftari, tunataka kuandika kipimo cha mchezo wa kesho.

Upande wa Michigan kurasa zinajaa haraka. Universite hii ilianzishwa mwaka 1817. Uwanja wake ulifunguliwa mwaka 1927, na mwaka ule wa 2007 ulikuwa na nafasi za watu 107,501. Sehemu kubwa imechimbwa ndani ya udongo kama bakuli. Mtu akiwa inje hawezi kuona ukubwa wake mpaka aingie. Rangi zao ni buluu na manjano, na manjano ile wanaiita kwa jina la mahindi, jambo ambalo litafurahisha wakulima wetu. Kofia zao ngumu zina mabawa yaliyochorwa mbele tangu mwaka 1938. Hakuna universite nyingine katika daraja kubwa ambayo ilikuwa imeshinda michezo mingi kama wao. Antrenere wao, Lloyd Carr, alikuwa kazini tangu mwaka 1995. Mwaka 1997 ekipe yake haikushindwa hata mara moja.

Na wachezaji? Chad Henne ni kwotabeki wa mwaka wake wa mwisho. Mike Hart, mfupi, mgumu kushika, anakimbia na mpira. Jake Long, mtu mkubwa sana, anamlinda Henne asiangushwe. Hawa watatu wangeweza kwenda kutafuta kazi ya kulipwa. Walibaki ili wamalize pamoja. Mwaka 2006 Michigan walishinda michezo 11 mfululizo mbele ya kushindwa. Waandishi wa shirika la Associated Press, ambao kila mwaka wanapiga kura kupanga ekipe 25, waliwaweka wa 5 katika inchi nzima mbele ya mwaka kuanza.

Upande wa Appalachian State, mtu wa haraka ataandika mistari mitatu. Shule ilianza mwaka 1899, kazi yake ya zamani ilikuwa kufundisha waalimu, kama ekole normale zetu. Boone iko juu, karibu mita 1,000. Uwanja wao ulikuwa na nafasi 16,650. Tena hawakuwa katika daraja moja na Michigan. Tangu mwaka 1978 universite kubwa za futbol ziligawanyika madaraja mawili. Daraja la juu liliruhusiwa bursi 85 kwa wachezaji, yaani masomo ya kulipiwa. Daraja la pili bursi 63. (Siku hizi sheria za feza zimebadilika mno. Tangu mwaka 2021 mchezaji anaweza kupata feza juu ya jina lake, na tangu 2025 universite yenyewe inaweza kumlipa. Lakini sisi tuko mwaka 2007.) Na tangu mgawanyiko ule wa 1978, hakuna ekipe ya daraja la pili iliyokuwa imepiga ekipe ya daraja la juu iliyo katika 25 za Associated Press. Hata mmoja. Wacheza kamari wa Las Vegas, ambao wanaweka bei juu ya kila kitu kinachotembea, wengi hawakuweka bei kwa mechi hii.

Kama tungekomea hapa, tungefunga daftari na kuandika: Michigan, bila shaka. Na hivi njo karibu watu wote waliandika. Hatuwezi kuwacheka, kwa sababu kila jambo waliloandika lilikuwa kweli. Lakini tazameni tena orodha yao: uwanja, miaka, kofia, bursi, kura. Ni vitu vya shule. Kesho saa sita ya mchana shule haitacheza. Watacheza watu 11 kwa 11, na mchezo wa kwanza una shida yake ya pekee: watu wale 11 bado hakuna aliyewaona wakicheza pamoja. Kura ya mwezi wa 8 ni picha ya mwaka uliopita iliyovikwa nguo mpya.

Basi tuulize maulizo mengine.

Nani aliondoka? Hili ni ulizo la kwanza la mchezo wa kwanza wo wote, kwetu vilevile, maana wanafunzi wanamaliza diplome na kwenda. Ulinzi wa Michigan wa 2006 ulikuwa ukuta. Lakini mwezi wa 4, 2007, Leon Hall, Alan Branch, LaMarr Woodley na David Harris, wote wanne walichukuliwa na ekipe za kulipwa, wote katika duru mbili za kwanza. Watu wanne wa namna hii wakitoka katika 11, usiseme "ulinzi wa Michigan" kana kwamba ni kitu kilekile. Jina limebaki kwenye mlango, wenyeji wamehama. Henne, Hart na Long, wale waliosifiwa, wote wako upande wa kushambulia. Sifa yao haiwezi kuzuia mtu.

Mwaka uliopita ulikwisha namna gani? Watu walikumbuka michezo 11 ya kushinda. Lakini ile miwili ya mwisho, Ohio State waliingiza pointi 42, na nyuma yake Universite ya Southern California wakaingiza 32. Na hiyo ilikuwa wakati ukuta ungali umesimama. Ekipe inayomaliza mwaka hivi inaacha barua mezani. Sherti mtu aisome.

Wageni wanacheza namna gani? Hapa njo pahali penye utajiri. Jerry Moore alikuwa antrenere wa Appalachian tangu mwaka 1989. Kwa muda mrefu aliwachezesha kwa namna ya zamani, watu wamebanana katikati, wanasukumana. Nyuma ya mwaka 2003 akaona hapana. Akatuma wasaidizi wake West Virginia kwa antrenere Rich Rodriguez, wajifunze mfumo wa kutawanya. (Mzee mwenye miaka mingi kazini anayetuma watu wake kujifunza upya: walimu wetu watatusamehe kama tunakaa kidogo juu ya neno hili.) Katika mfumo huu washambuliaji wanasimama mbalimbali, upana wote wa uwanja. Walinzi sherti watawanyike nao. Katikati panabaki matundu. Kwotabeki mwepesi anatazama: mlinzi akimfuata mkimbiaji, anakimbia mwenyewe, akimfuata yeye, anatoa mpira. Mtu wa kilo 130 anamshinda mtu wa kilo 90 wakati wanasukumana. Wakati wa kukimbizana mambo ni ingine. Kwa hiyo mfumo huu unapunguza faida ya zile bursi 85, kwa sababu bursi zinanunua hasa uzito na wingi.

Na kwotabeki ni nani? Ni Armanti Edwards, kijana wa miaka 19, mwembamba, kutoka Greenwood katika South Carolina. Mwaka 2006, mwaka wake wa kwanza, alipita yadi 2,000 kwa kutupa na yadi 1,000 kwa kukimbia. Ekipe yake ilishindwa mchezo wake wa kwanza mwaka ule, kisha ikashinda 14 mfululizo na kuchukua shampiona ya daraja la pili, ya pili mfululizo: 2005, kisha 2006. Mtu atasema, ni daraja la pili tu. Sawa. Lakini ushindi 14 unafundisha kitu ambacho daraja haliwezi kufundisha: namna ya kumaliza mchezo mgumu bila kutetemeka.

Jumlisheni sasa. Wenyeji wana ulinzi mpya ambao haujajaribiwa. Wageni wana mashambulizi ya zamani, yaliyojaribiwa, ya namna ileile inayosumbua walinzi wazito. Je, mpimaji mwaminifu angeandika kwamba Appalachian watashinda? Sisi tunasema hapana. Angesema uongo, ao angekuwa mchawi. Henne, Hart na Long walikuwa wachezaji wa kweli, na watu 100,000 wanapiga kelele ya kweli, mgeni hasikii sauti ya mwenzake. Angeandika: Michigan wana nafasi kubwa zaidi, lakini shida ikija, itapita mlango huu, na mlango huu uko wazi. Hiyo njo kazi ya kipimo. Kutaja pointi za mwisho ni mchezo wa watoto. Kuonyesha mlango ni kazi ya mtu aliyesoma.

Sasa tutazame siku yenyewe.

Watu 109,218 waliingia. Televisheni mpya ya kundi la Big Ten, iliyoanza tarehe 30 mwezi wa 8, ilichukua mchezo huu kuwa wa kwanza wake wa futbol kuonyesha moja kwa moja. Michigan walipata mpira, wakasonga mbele vizuri, wakafikisha: 7-0. Tunaweza kufikiri watu waliofungua chakula chao pale wakiwa na amani. Kisha Edwards akatupa mpira mfupi kwa Dexter Jackson, na Jackson akakimbia mpaka mwisho, yadi 68 kwa jumla. 7-7. Michigan wakarudi 14-7. Na hapo mlango ukafunguka kabisa. Appalachian wakaingia mara tatu mfululizo, 28-14. Michigan wakapiga teke moja la pointi 3 mbele ya mapumziko. Nusu ya mchezo: 28-17 kwa wageni. Walinzi wa Michigan, kweli wazito, walifika kila mara nyuma ya mtu aliyekwisha kupita.

Lakini angalieni, zile sifa za Michigan hazikuwa bure. Hart, ambaye alikaa inje muda fulani juu ya maumivu ya paja, alirudi, na jumla alikimbia yadi 188 na kufikisha mara tatu. Nyuma ya mapumziko Michigan walikula ile tofauti polepole. Zikibaki dakika 4 na sekunde 36, Hart akapasua ukuta na kukimbia yadi 54. Michigan 32, Appalachian 31.

Hapa tunataka wanafunzi wa hesabu wasimame kidogo. Juu ya nini 32? Mara mbili katika kurudi kwao Michigan waliacha teke rahisi la pointi 1 na kujaribu pointi 2. Mara mbili walishindwa. Kama wangepiga teke na kulipata mara zote mbili, wangekuwa na 34. Hatusemi antrenere alikosa. Alikuwa na hesabu yake, kila mara aliifuata kwa sababu. Tunasema tu kwamba mechi kubwa inaweza kugeuka juu ya pointi ambazo hakuna anayezikumbuka kesho yake.

Michigan walinasa mpira wa Edwards, wakafika karibu, wakapiga teke la kuongeza 3. Likazuiliwa. Ikabaki dakika 1 na sekunde 37, na Appalachian hawakuwa tena na ruhusa ya kusimamisha saa. Mbali na miti, katika kelele ya watu zaidi ya 100,000, wakiwa nyuma kwa pointi moja. Walikwenda yadi 69 kwa dakika 1 na sekunde 11. Julian Rauch akapiga teke la yadi 24: 34-32. Sekunde 26 zimebaki.

Hata hapo haikuwa mwisho. Henne alitupa mpira mrefu, yadi 46, Mario Manningham akaushika. Sekunde 6. Michigan wakaleta mpigaji kwa teke la yadi 37, jambo ambalo si gumu sana kwa mtu wa kazi ile. Mpira ulipigwa, na Corey Lynch wa Appalachian akapita upande, akaruka, mpira ukampiga. Akauokota, akakimbia nao mpaka saa ikaisha. Kule Boone wanafunzi waliingia katika uwanja wao wenyewe, ambao siku ile haukuchezewa kitu, waking'oa miti ya goli na kuipeleka mpaka nyumbani kwa mkuu wa universite. Tunawaomba wanafunzi wetu wasifuate mfano huu. Miti yetu tuliipata kwa shida.

Sasa, je, ilikuwa bahati? Wengi walisema hivyo wiki ile. Mpimaji anayo njia ya kujibu: angoje mchezo wa pili. Tarehe 8 mwezi wa 9 Michigan walicheza tena palepale nyumbani, na Oregon, ekipe ya daraja la juu, nayo ya kutawanya, nayo yenye kwotabeki mwepesi. Oregon 39, Michigan 7. Kumbe mlango ulikuwa mlango kweli, na kila aliyejua kukimbia aliuona. Teke lililozuiliwa la Corey Lynch linaweza kuwa na bahati ndani yake. Pointi 28 katika nusu ya mchezo hapana.

Associated Press nao walitazama sheria yao. Ekipe za daraja la pili hazikuwa na ruhusa ya kupigiwa kura. Siku chache nyuma ya mchezo ule sheria ikabadilishwa. Michigan, waliokuwa wa 5, walitoka katika orodha ya 25 mara moja. Lakini hawakufa. Walimaliza mwaka na ushindi 9 na kushindwa 4, wakapiga Florida 41-35 tarehe 1 mwezi wa 1, 2008. Lloyd Carr akastaafu. Na mnamuona nani anachukua pahali pake? Rich Rodriguez, yule wa West Virginia, ambaye wasaidizi wa Jerry Moore walikwenda kujifunza kwake. Shule kubwa ilikwenda kununua somo ambalo shule ndogo ilikuwa imekwisha kulisoma.

Na Appalachian? Mtu atafikiri kwamba nyuma ya siku ile hawakushindwa tena. Walishindwa mara mbili mwaka uleule, moja na Wofford, chuo kidogo sana cha Spartanburg, na nyingine na Georgia Southern. Kisha wakachukua shampiona yao ya tatu mfululizo. Mambo haya sisi Wakongomani tunayajua. Tarehe 14 mwezi wa 12, 2010, kule Abu Dhabi, TP Mazembe ya Lubumbashi ilipiga Internacional ya Porto Alegre 2-0, na Kidiaba akarukaruka akiwa amekaa kwenye majani mpaka dunia nzima ikacheka. Siku nne nyuma, Inter ya Milano wakapiga Mazembe 3-0. Mchezo mmoja unasema jambo la kweli juu ya siku moja. Atakayeupima wa kesho yake sherti aanze upya.

Walimu wa kalasi wanaweza kutumia kazi hii. Mwaka 2014 Appalachian State walipanda daraja la juu. Mchezo wao wa kwanza kabisa katika daraja lile, tarehe 30 mwezi wa 8, waliucheza Ann Arbor, na ulikuwa tena mchezo wa kwanza wa Michigan nyumbani. Edwards alikuwa amekwisha kuondoka, Jerry Moore vilevile. Watu wengi waliandika: "Itakuwa kama 2007?" Michigan walishinda 52-14. Kila mwanafunzi ajiweke siku moja mbele ya mchezo huu wa pili na aandike maulizo matatu ambayo mpimaji alipaswa kuuliza, bila kutaja mwaka 2007. Kisha, kwa wale wanaocheza katika ekipe yetu, waandike maulizo yaleyale matatu juu ya mechi yetu ya kwanza nyumbani, na majibu yake, wakianza na majina ya wale waliomaliza na kuondoka.